Kombora lililolazimika kugusa

Barabara ya Masaka huingia Kampala kupitia Nateete, ndani ya divisheni ya Lubaga. Aprili 1979, jeshi la Tanzania (JWTZ) na wapiganaji wa Uganda walipoukaribia mji, ndege za Idi Amin, mtawala wa Uganda, hazikuwa tishio tena kama mwanzoni mwa Vita vya Kagera. Sehemu ya kazi ya kuzidhibiti ilifanywa na SA-7, kombora la Kisovieti linalofyatuliwa begani.

SA-7 haina fyuzi ya ukaribu, yaani kifaa cha kulipua kombora linapoifikia shabaha bila kuigusa. Lazima ligonge ndege au liikwaruze. Likipita mita moja tu pembeni, halidhuru kitu. Baada ya sekunde kama 15 hujilipua lenyewe angani.

Wajerumani walikuwa wameisumbukia fyuzi ya ukaribu tangu mapema. Novemba 1939, bahasha iliyofikishwa kwa siri kwa Waingereza mjini Oslo, kazi ya Hans Ferdinand Mayer wa Siemens, ilikuwa na kipande cha sampuli cha fyuzi ya namna hiyo. Baadaye kombora lao la X-4 lilitengenezewa Kranich, fyuzi iliyosikiliza mvumo wa injini za ndege ulivyobadilika. Haikuwahi kutumika vitani. Wamarekani waliwatangulia: Januari 1943, meli yao Helena iliangusha ndege ya Japani kwa makombora ya mizinga yenye fyuzi ya redio.

Kwa nini basi Wasovieti waliiacha? Nadhani walipiga hesabu sawasawa. X-4 ilibeba kichwa cha kilo 20, kinachoweza kuua kutoka mbali. Kichwa cha SA-7 kina kilo 1.15, na baruti yenyewe ni gramu 370 hivi. Kulipua kiasi hicho mita tano kutoka kwenye ndege ni kukipoteza.

Mzigo ulimwangukia askari. Jicho la kombora halipozwi, hivyo huona ekzosi ya moto tu, tena kwa nyuma. Mpigaji huiacha ndege kama MiG ipite, mara nyingi baada ya kudondosha mabomu yake, ndipo afyatue kuelekea mkiani, akiwa na kilomita tatu au nne tu kabla haijamtoroka. Hata ikipatwa, huenda ikarudi nyumbani: mwaka 1973 ndege nyingi za Skyhawk za Israeli zilirudi na mikia iliyochanika, kisha mafundi wakarefusha ekzosi zao ili mlipuko utokee mbali na injini.