Alalili ilikuwa ya ndama

Wafugaji wa Longido na Simanjiro mnaukumbuka uamuzi wa vuli ya 2021. Mawingu yalipita, mvua haikushuka, mkutano ukaketi Oktoba, na alalili, malisho yetu ya akiba, ikafunguliwa kwa ng'ombe wote. Maksai wakaingia, fahali wakaingia, na ng'ombe tasa waliopaswa kuwa wameuzwa tangu Juni nao wakaingia. Malisho yaliyotunzwa tangu masika kwa ajili ya ndama yakaliwa na wanyama wenye miguu ya kutembea kilomita 20. Lilikuwa kosa, na wala halikuhitaji kusubiri Januari 2022 ndipo lionekane. Lilionekana siku ile ile lango la miiba lilipoondolewa.

Tupige hesabu, maana hesabu hii mzee yeyote aliyewahi kutunza alalili anaijua hata bila kalamu. Chukua alalili ya hekta 200. Tuseme kila hekta ina tani moja ya nyasi kavu zilizosimama. Nusu iliwe, nusu ibaki kulinda udongo na mizizi. Una tani 100. Ng'ombe mkubwa wa kienyeji, wa kilo 250, anakula kama kilo 6 kwa siku. Ng'ombe 1,000 wanamaliza tani 6 kila jua linapozama, na siku ya 17 hakuna kitu tena. Sasa waingize ndama 400 wa kilo 60 peke yao. Kila mmoja anataka kilo moja na nusu, wote kilo 600. Tani zile zile 100 zinawafikisha siku 166. Ukifungua katikati ya Oktoba, nyasi zipo mpaka mwisho wa Machi, masika ikiwa mlangoni.

Kwa hiyo mkutano ulibadilisha miezi mitano na nusu ya uhai wa ndama kwa wiki mbili na siku chache za maksai. Na wiki hizo zilimsaidia nini maksai? Zilimchelewesha tu. Safari ya kwenda mbali ilibaki pale pale, ila sasa akaianza zaidi ya wiki mbili baadaye, njia imekauka zaidi na malambo yamegeuka tope.

Hoja iliyotolewa tunaijua wote: ng'ombe mkubwa ndiye fedha, ndama atazaliwa mwingine mwakani. Nimeisikia mara nyingi na kila mara inaniumiza, kwa sababu anayeisema ni mfugaji na anajua ukweli. Ng'ombe jike aliyetokeza mbavu na mifupa ya nyonga hapandwi, kwa kuwa haji kwenye joto. Hata mvua ikirudi, anahitaji miezi ya kujenga mwili, kisha miezi tisa ya mimba. Mtamba wa zebu kwenye malisho yetu huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka minne. Ndama jike aliyekufa Januari 2022 ni ng'ombe wa maziwa aliyekosekana zizini 2025 na 2026, na ndama wake hawapo pia.

Mtazame ndama mwenyewe wa mwezi wa Januari. Manyoya yamesimama na hayang'ai. Macho yameingia ndani. Tumbo ni kubwa, limening'inia, lakini mgongo ni mkali ukiupitishia kiganja. Watu huliona lile tumbo wakasema ameshiba. Amejaa mabua magumu ambayo tumbo lake bado halina uwezo wa kuyasaga, na protini hamna. Baadaye anaanza kulamba udongo na kutafuna kamba. Akifika hapo, hata ukimletea mashudu bora umechelewa sana.

Mengine yalifanywa vizuri: chanjo ya homa ya mapafu, dawa ya minyoo, na zamu kwenye mabirika.

Ila kabla ya kufungua alalili kulikuwa na Juni na Julai, na hapo nina ugomvi wa zamani. Maksai na ng'ombe wazee walipaswa kupelekwa mnadani wakiwa na mafuta mgongoni. Walipelekwa Desemba, wakati kila mtu anauza, dalali anapanga bei akiwa amekaa kivulini. Moyale, kusini mwa Ethiopia, kwenye ukame wa 2006 wafanyabiashara walipewa mikopo midogo, wakaunganishwa na wafugaji wa Kiborana na kununua ng'ombe wapatao 20,000. Familia zilitumia fedha zile kununua chakula cha nyumbani, kununua nyasi, na kuwasafirisha kwa lori ng'ombe waliobaki. Hivyo ndivyo maksai anavyomlisha ndama: anauzwa, nyasi zinabaki.

Jambo jingine ambalo sitaacha kulisema ni urea. Kuloweka mabua kwa urea, kilo 4 au 5 kwa kila kilo 100 za mabua, kisha kuyafunika wiki tatu, ni ufundi mzuri kwa ng'ombe mkubwa. Kwa ndama wa chini ya miezi sita ni sumu, kwa sababu tumbo lake la kucheua halijakomaa kuitumia. Mafunzo yanatolewa, karatasi zinagawiwa, na onyo hilo linatajwa mwishoni watu wakiwa wameshasimama kuondoka. Ndama ana chakula chake: maganda ya migunga yaliyookotwa kiangazi na kupondwa, pumba kidogo, maji safi, na chuchu mbili zilizoachwa bila kukamuliwa.

Mabibi zetu hawakufundishwa hayo na mtu. Kwenye nyumba ya Kimasai ndama mchanga ana sehemu yake ndani, karibu na moto, na mama mwenye nyumba ndiye aliyeamua maziwa yapi ni ya watoto na yapi ni ya ndama. Hakuna mwanamume aliyempinga. Kwa Wasukuma ngitili, alalili yao, ilikuwa na dagashida, baraza la jamii, nyuma yake, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa faini mbele ya watu, hata awe na ukoo gani. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986 ulisimama juu ya sheria hizo za wazee, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000. Linganisha na mkutano wetu ule wa Oktoba, ambapo wenye maksai wengi ndio waliozungumza kwa muda mrefu zaidi.

Sheria ipo. Ile ya maeneo ya malisho ya mwaka 2010 inakipa kijiji nafasi ya kutenga na kusimamia malisho yake, na sheria ndogo inaweza kutaja wazi nani anaingia alalili: ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, na wagonjwa. Iandikwe Mei, nyasi zikiwa bado mbichi na hakuna mwenye njaa. Faini itajwe kwa idadi ya mitamba, isiwe shilingi ambazo tajiri anazilipa akiwa bado amekaa. Na uamuzi wa kufungua usipite bila akina mama wanaokamua, kwa sababu wao hujua ndama ameanza kudhoofika siku kadhaa kabla ya mwenyekiti kuambiwa.