Onyesho la Mwisho Lisilo na Maneno: Je, Lilihitaji Maelezo Zaidi?

Mara nyingi katika kurasa za jarida hili huulizwa ni neno gani lifaalo kwa dhana fulani. Makala haya yanauliza swali la upande wa pili: ni mahali gani ambapo neno halifai kabisa? Swali hilo lilizuka Kinyangiri, wilayani Mkalama, mkoani Singida, katika banda la video, baada ya kuonyeshwa filamu moja ya zamani. Ubishi uliofuata unawahusu sana watafsiri, na ndiyo sababu tunauleta hapa.

Filamu yenyewe ni City Lights, yaani taa za mjini, ambayo Charlie Chaplin aliitunga, akaiongoza na kuicheza mwaka 1931. Wakati huo sinema zenye mazungumzo zilikuwa zimekwisha kuenea huko Marekani, lakini Chaplin alikataa kuwapa wachezaji wake sauti. Aliweka muziki, na maneno machache yaliyoandikwa baina ya picha. Kisa chake ni chepesi. Mzururaji asiye na kitu anampenda msichana kipofu auzaye maua, na msichana, kwa kuwa haoni, anamdhania kuwa ni tajiri. Mzururaji anapata fedha za matibabu ya macho ya msichana kutoka kwa tajiri mmoja ambaye akilewa humkumbatia na akilevuka humsahau. Kwa ajili ya fedha hizo anadhaniwa mwizi, anafungwa.

Anapotoka kifungoni, nguo zimemchakaa, anapita mbele ya duka la maua. Mwenye kuuza ni msichana yule yule, naye sasa anaona. Kwanza anamcheka, kisha kwa huruma anampa ua na sarafu. Anapomshika mkono ili amtie sarafu kiganjani, vidole vinamtambua mtu ambaye macho hayakumtambua. Yanaandikwa maneno machache: mzururaji anauliza kama sasa anaona, naye msichana anajibu kwamba anaona. Baada ya hapo hakuna neno tena. Tunauona uso wa mzururaji, ua likiwa mkononi karibu na kinywa, tabasamu limechanganyika na hofu. Picha inafifia, na filamu imekwisha. Je, msichana atamkubali? Filamu haisemi.

Yafaa ieleweke kwamba katika mabanda yetu filamu ya kigeni mara nyingi huwa na mtu wa kuisemea. Kazi hiyo imewapatia umaarufu mkubwa watu kama Derek Mukandala, aitwaye Lufufu, hapa Tanzania, na DJ Afro huko Kenya. Ni kazi ya heshima, kwani imewafungulia mlango wananchi wengi wasiojua lugha za kigeni. Kijana aliyeshika kipaza sauti siku ile Kinyangiri aliifanya vizuri. Maneno yote yaliyoandikwa aliyasoma kwa Kiswahili safi, pasipo kuongeza wala kupunguza. Lakini picha ya mwisho ilipofifia alishindwa kuuvumilia ukimya, akasema: "Basi wakaoana, wakajenga nyumba, wakaishi raha mustarehe."

Bibi mmoja aliyeketi mbele akageuka. "Mjukuu wangu, hayo umeyaona wapi?"

"Bibi, watu wanataka kujua mwisho."

"Mwisho nimeuona. Yule binti hakucheka tena."

Hapo watazamaji wakagawanyika. Waliomtetea kijana walikuwa na hoja ambazo si haki kuzipuuza. Walisema kwamba mtazamaji ametoa fedha yake na muda wake, hivyo anastahili kuambiwa mambo yalivyoishia. Walisema pia kwamba hadithi zetu za jadi hufungwa kwa maneno, na msikilizaji huondoka akijua nani ameoa na nani ameaibika. Mwisho, walisema kwamba lawama ni ya mtengenezaji wa filamu: laiti angeonyesha harusi au angeonyesha wakiachana, kijana asingelazimika kuziba pengo.

Kwa maoni yetu, hoja hiyo ya mwisho ndiyo yenye kosa, kwa sababu inachukulia kwamba pale pana pengo. Tangu mwanzo filamu hii haiulizi kama wawili hao wataoana. Inauliza kama msichana, akipata macho, atamwona mtu huyu jinsi alivyo. Swali hilo limejibiwa, tena mbele ya macho yetu. Onyesho la harusi lingejibu swali jingine, na lile la kwanza lingesahauliwa.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Kitenzi "kuona" katika Kiswahili si cha macho peke yake. Twaona kwa macho, lakini pia twaona haya, twaona uchungu, twaona huruma, twaona baridi, na mtu akitoa shauri husema, "Mimi naona hivi." Kwa hiyo msichana anapojibu kwa Kiswahili kwamba sasa anaona, amekwisha kusema yote: macho yamepona, mtu amemtambua, na moyoni limeingia jambo ambalo yeye mwenyewe bado hajalipima. Mtafsiri aliyepata neno kama hilo amepata bahati. Akiongeza sentensi nyingine, anaipunguza ile aliyokwisha kuitoa.

Hata hoja ya fasihi yetu ya jadi haisimami upande mmoja. Pamoja na hadithi tunavyo vitendawili. Mwenye kutega husema, nasi hujibu, "Tega!" Baada ya hapo yeye hunyamaza na kutungoja; tukishindwa hudai apewe mji kwanza, ndipo ategue. Ategaye na kutegua papo hapo amewanyima wenziwe mchezo. Onyesho la mwisho la filamu hii ni kitendawili kilichokwisha kutegwa.

Aidha, hatuna budi kukumbuka historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri mkoani Tanga, palifanyika majaribio ya kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, nazo zilizungushwa vijijini kwa lori pamoja na maelezo yaliyorekodiwa katika sahani za santuri. Baadaye William Sellers, aliyeongoza idara ya filamu za makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika ahitaji picha nyepesi za mwendo wa polepole, na kwamba asiachiwe jambo la kukisia. Hatusemi kwamba kijana wa Kinyangiri alikuwa na dharau hiyo. Nia yake ilikuwa njema. Lakini kila tunapomweleza mtazamaji jambo alilokwisha kuliona, twakubali bila kujua kwamba Sellers alisema kweli. Bibi yule alikuwa jibu la kutosha.

Kwa faida ya watafsiri na walimu, twapendekeza kazi tatu zitengwe kwa majina. "Kutafsiri" kuwe ni kuyahamisha maneno yaliyosemwa au kuandikwa katika filamu. "Kusimulia" kuwe ni kutaja jambo linaloonekana, kwa ajili ya asiyeliona vema. "Kufafanua" kuwe ni kueleza jambo lisilosemwa wala kuonyeshwa, kama vile mila za kigeni. Kazi ya kwanza ni wajibu. Ya pili ni msaada, itumiwe kwa kiasi. Ya tatu mahali pake ni kabla ya filamu kuanza au baada ya kwisha, na mwenye kufafanua aseme wazi kwamba hayo ni maoni yake. Kijana yule aliipa kazi ya tatu sauti ya kazi ya kwanza, na watoto waliokuwapo waliondoka wakiamini kwamba harusi ile imo ndani ya filamu.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba onyesho lile halikuhitaji maelezo zaidi. Lilihitaji mtafsiri atakayesoma maneno yaliyoandikwa, kisha aweke kipaza sauti chini mpaka taa ziwashwe. Baada ya hapo watu wabishane wapendavyo. Kinyangiri walibishana hata wakafika njia panda, na hakuna aliyelalamika kwamba fedha yake imepotea.