Fundi wa Boksi la Sabufa

Spika ya inchi 12 ikilia mezani bila boksi haina besi: mawimbi ya mbele na ya nyuma yanakutana, yanauana. Wa kuyatenganisha ni seremala wa maboksi, chini ya kibanda cha mabati, vumbi la MDF limemjaa hadi kwenye kope.

Sentimita 40 kwa 40 kwa 35 za ndani ni lita 56. Humo anatoa nafasi itakayoliwa na spika na bomba la hewa. Bomba likiwa fupi mno, besi haishuki. Na likishakatwa halirefuki. Basi hulikata refu, husikiliza, hupunguza kidogo kidogo, husikiliza tena.

Kila tundu la skrubu hutobolewa kwanza, maana ubao wa milimita 18 hupasuka ukilazimishwa ukingoni. Nimemwona akipitisha silikoni kwenye pembe za ndani kwa kidole, mkono umezama hadi begani, mahali ambapo mteja hatapaona kamwe. Kisha akawasha muziki, akalowesha kiganja, akakizungusha taratibu kwenye kila kiungo akitafuta hewa inayovuja.

Mteja alipokuja, aliisifu spika.