Kiapo, Mazoea na Shahidi: Udumishaji wa Ahadi katika Adili na Nduguze

Utangulizi

Uhakiki wa Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert mara nyingi humsoma mhusika kwa jina lake: Adili ni uadilifu, na nduguze, Hasidi na Mwivu, ni husuda na wivu. Usomaji huo si wa makosa, ila unaacha swali moja bila jibu. Wema wa Adili haujengwi na tendo moja kubwa. Unajengwa na tendo dogo linalorudiwa. Ni kitu gani basi kinachoizuia nia ya mtu isichakae, usiku baada ya usiku? Swali hili lina uzito wa pekee Kigali, ambako kuahidi mbele ya watu ni sehemu ya lugha ya utawala na ya familia. Makala haya yanadai kwamba riwaya inatofautisha ahadi inayolindwa na hofu na ahadi inayolindwa na mazoea ya huruma, na kwamba hata hiyo ya pili humhitaji shahidi.

Viboko na chakula

Nduguze walimtosa Adili baharini. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamnusuru, akawageuza wale wawili kuwa manyani, kisha akamwamuru Adili awapige kila usiku. Adili anatii, lakini baada ya viboko huwabembeleza na kuwalisha. Matendo haya mawili hufanywa na mkono mmoja, ila hayana chanzo kimoja. Viboko vina msimamizi, kwani Adili anaogopa kuvunja amri. Chakula hakina msimamizi. Hakuna aliyekiamuru, na wanaolishwa hawana ulimi wa kushukuru.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alionyesha kuwa nia ya jumla hushindwa kwa urahisi kuliko nia iliyofungwa na wakati na mahali: jambo fulani likitukia, nitatenda hili. Ndivyo alivyo Adili. Viboko vikiisha, chakula hufuata. Moyo hauanzi mjadala mpya kila usiku kuhusu kama waliomtosa wanastahili kulishwa. Mazoea hapa si adui wa unyofu, bali ni chombo kinachouhifadhi.

Shahidi

Hata hivyo, mazoea yana mpaka. Yanaweza kuuhifadhi undugu, lakini hayawezi kuikomesha adhabu. Kinachofungua njia ni jicho la mtu mwingine: Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anafika Janibu na kuigundua siri. Jambo lililotendwa gizani linapopata shahidi, ndipo linapoweza kusimuliwa, kupimwa na hatimaye kusamehewa.

Msomaji wa Rwanda ana maneno yake ya kulielewa hili. Imihigo, nadhiri ambazo zamani mashujaa walizitamka hadharani, tangu mwaka 2006 zimekuwa mikataba ambayo mameya wa wilaya huisaini mbele ya Rais. Mahakama za Gacaca, ambazo jina lake linatokana na nyasi, zilianza kazi mwaka 2002 na kufungwa mwaka 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2. Waamuzi wake waliitwa inyangamugayo, yaani watu wanaochukia aibu. Kwa Kiswahili cha Shaaban Robert, wangeitwa akina Adili. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayalinganishwi na hekaya ya majini. Kinacholinganishwa ni swali tu: jamii inawezaje kumwadhibu mtu bila kumfuta katika hesabu ya watu wake?

Mwisho uliobadilishwa

Katika Alfu Lela Ulela, chimbuko la kisa hiki, ndugu za Abdullah bin Fadil walikuwa wamegeuzwa mbwa. Waliporudishiwa ubinadamu, walijaribu kumuua. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo: nduguze Adili wanatubu. Ni rahisi kuuita uamuzi huu udhaifu wa mwandishi mpenda mawaidha. Lakini ukisomwa pamoja na chakula cha kila usiku, ni msimamo: aliyeendelea kuhesabiwa kuwa ndugu wakati wa adhabu ana mahali pa kurudi.

Udhaifu wa kweli uko kwingine. Msamaha unapatikana kwa maombi ya mfalme kwa mfalme, na sauti za Hasidi na Mwivu hazisikiki vya kutosha. Riwaya haitofautishi vya kutosha shahidi na mkubwa. Hatari hiyo hiyo huikabili kila nadhiri inayotolewa mbele ya mwenye mamlaka: mtu anaweza kuitimiza kwa kuwa anaogopa, kama viboko vya Adili, na watu wakadhani ni uaminifu.

Hitimisho

Adili ametukuzwa kwa utiifu wake. Riwaya yenyewe inampa sifa iliyo bora zaidi: alifanya kila usiku jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kipimo hicho, kuliko kiapo, ndicho kinachofaa kutumiwa katika uhakiki wa wahusika waadilifu wa Shaaban Robert.