Kabla Wimbo Haujaanza

Mpiga litungu hana haraka. Huketi kwenye kigoda, akalikumbatia litungu lake, akagusa uzi wa kwanza na kuusikiliza mpaka ufe wenyewe. Kisha huusogeza kidogo pale ulipozungushiwa kwenye mti wa juu, akaugusa tena. Nyuzi ni nane. Watu wamekwisha kukusanyika, watoto wamejipenyeza mbele, wazee wamepewa viti, naye bado yuko kwenye uzi wa tatu. Hamna anayemhimiza. Katika vijiji vya Wangoreme vinavyoizunguka Kenyamonta, wilayani Serengeti mkoani Mara, na kwa ndugu zao Wakurya walio ng'ambo ya Mto Mara upande wa Tarime, kitambo hicho hakikuitwa kusubiri. Shughuli ilikuwa imekwisha kuanza.

Anayepita siku hizi katika njia hizo atalisikia litungu mara nyingi kuliko babu yake alivyolisikia. Limo katika simu, limo katika spika ya bodaboda, linatoka dukani kwa muuza memori kadi. Asichokisikia ni huko kupatanisha nyuzi. Aliyerekodi alikikata kitambo kile, maana hakikuwa wimbo.

Wakurya wenyewe huliita iritungu. Ni bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, lenye mikono miwili iliyobeba mti mmoja wa kukingama, na nyuzi nane zinazoshuka kutoka kwenye mti huo hadi chini kwenye ngozi. Zamani nyuzi zilikuwa kano za mnyama. Leo nailoni ya wavuvi wa Ziwa Victoria inafanya kazi hiyohiyo, na si kila badiliko ni la kulilia. Sauti ndiyo haikubadilika: nzito, ya chini, yenye mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Sikio lililozoea fidla litadhani chombo kina kasoro, uzi umelegea au ngozi imepasuka. Kwa mtu wa Mara mvumo huo ndio chombo chenyewe. Ukiuondoa, umebaki na kelele ya nyuzi tu.

Ukoo wake ni mkubwa na wa kale. Wajaluo wana nyatiti, Wagusii wana obokano, Wabukusu nao wana litungu lao, na Uganda kuna endongo. Ukipanda kaskazini utakutana na krar na begena za Ethiopia. Katika makaburi ya wafalme wa Ur, nchi inayoitwa Iraki leo, wachimbuaji walikuta vinanda vya jamii hiyohiyo vilivyozikwa yapata miaka 4,500 iliyopita. Upande wa kusini, ukoo huo unaishia karibu na hapa. Ukifika Dodoma kwa Wagogo unakuta ilimba na zeze la upote, ukoo mwingine kabisa. Kwa hiyo mpiga litungu wa Serengeti amekalia mpaka: nyuma yake kuna njia ndefu inayopanda hadi mto Naili, na mbele yake hakuna anayempokea.

Kuliita litungu ala ni kulipunja. Ni okestra ya watu wa mahali. Nyuzi za chini hutembea kwa hatua nzito na kubeba wimbo mgongoni. Za juu hujibizana na mdomo wa mpigaji. Waitikiaji humpokea. Wachezaji huja na njuga miguuni na ibirandi, vile viatu vya vipande vizito vya mbao, na kila wanaporuka na kutua ardhi hujibu, ndiyo sababu ngoma yenyewe inaweza kukosekana pasiwe na pengo. Hakuna kiti cha mtazamaji. Mwanamke aliyekuja kusalimia tu atajikuta anaitikia, na mzee aliyesema magoti yanamuuma atasimama akamtuze mpigaji, jina la baba yake likitajwa ndani ya wimbo.

Majina hayo ni kazi nyingine ya fundi. Mpiga litungu alipaswa kujua nani ni mtoto wa nani, ukoo gani umetoka wapi, ng'ombe wa nani walipotea na nani aliwafuata. Alisifu, akakebehi, akaonya, wakati mwingine akafanya yote matatu katika ubeti mmoja, mtu akacheka kabla hajagundua kwamba anayesemwa ni yeye. Ndiyo maana ule muda wa kupatanisha nyuzi haukuwa wa nyuzi peke yake. Macho yake yalikuwa yakizunguka. Alikuwa anahesabu waliokuja na wasiokuja, waliokaa pamoja na waliokaa mbalimbali. Uzi wa nane ulipokubali, naye alikuwa amekwisha kujua ataimba nini.

Okestra hiyo ilikuwa na msimu wake. Baada ya mavuno, mtama na ulezi ukiwa ghalani, zilikuja harusi. Msimu mkubwa zaidi ulikuwa wa jando, na tarehe yake ilitoka kwa inchama, baraza la wazee wa mila: mwezi wa Desemba, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wiki kwa wiki, vumbi la wachezaji lilihama kutoka mji hadi mji.

Msimu huo hauwezi kusifiwa huku upande wake wa kiza ukifunikwa. Wavulana walitoka jandoni kwa shangwe. Wasichana nao walikeketwa, na shangwe ileile ikawapokea. Sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kupiga marufuku kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, lakini hadi miaka ya karibuni Desemba ikikaribia nyumba salama za Mugumu na Butiama zimekuwa zikipokea wasichana waliotoroka makwao. Litungu si kisu. Hata hivyo lilipigwa karibu na kisu, na si ajabu mzazi akisita kumpeleka bintiye linakovumia. Linastahili msimu mwingine, nao haujapangwa na mtu.

Shule yake haikuwa na ubao. Kijana alijifunza kwa kukaa karibu, akatazama vidole, akakosea nyumbani ambako hakuna wa kumcheka. Hakukuwa na noti zilizoandikwa, wala cheti. Kilichotakiwa kwanza ni sikio linalotambua uzi uliopotoka, na sikio hilo lilinolewa katika kile kitambo kirefu cha mwanzo, mtoto akiwa amekaa mavumbini anasikia sauti ikitafutwa, ikikosewa, ikipatikana. Wimbo ulimfundisha wimbo. Kupatanisha nyuzi kulimfundisha ufundi.

Tarehe 10 Desemba 1962, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama ambako si mbali na Kenyamonta, alihutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika na kutangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi walifundishwa kucheza dansi za kigeni ilhali wachache tu walizijua gombe sugu, kiduo au lelemama. Mtu wa Mara ndiye aliyesema, na litungu halikuwamo katika hesabu yake. Mwaka uliofuata taifa likaunda kikundi cha ngoma. Mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Njia hiyo ilimtoa Hukwe Zawose Ugogoni, na ilimba yake ikasikika duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Ni njia njema, ila kutoka Kenyamonta hadi Bagamoyo kwa barabara ni zaidi ya kilomita elfu moja.

Zanzibar walifanya vingine. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na watu wa mitaani ndio wanaopiga. Tangu 2002 mtoto wa Unguja ameweza kujifunza kanuni, udi na fidla katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Hata huko mambo si shwari: mwaka 2019 chuo hicho kilifika ukingoni mwa kufungwa kwa kukosa fedha. Nairobi nako, katika mtaa wa Korogocho, jirani na jalala la Dandora, watoto wa Ghetto Classics hupiga fidla na tarumbeta kwa ustadi. Wanastahili kila shilingi wanayopewa. Lakini fidla inapokuja huja na vitabu vyake, mitihani yake na marafiki wa mbali. Litungu lina masikio tu, na masikio hayaombewi ruzuku.

Shuleni limebakiwa na mlango mmoja mwembamba. UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, yana nafasi ya ngoma pamoja na kwaya, na kikundi cha shule hufanya mazoezi majuma machache, kikashindana, kikavua njuga. Kinanda cha umeme nacho kimeingia harusini. Kina kitufe cha kila sauti, hakihitaji kigoda wala kusikilizwa kabla ya kupigwa. Vijana wanaokipiga si wavivu. Hakuna aliyewaachia muda wa kukaa mavumbini.

Muda ndio umeadimika kuliko mti au ngozi. Litazame litungu siku ya mgeni rasmi. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, ratiba imechapishwa: burudani, dakika tano. Wachezaji wamesimama juani na ibirandi miguuni tangu asubuhi. Msafara unafika umechelewa, hotuba zinasogezwa, dakika tano zinakuwa tatu. Mzee anaitwa. Anaketi kwenye kigoda, anagusa uzi wa kwanza, anausikiliza. Anagusa wa pili. Mshehereshaji anamwinamia na kipaza sauti: mzee wetu, tuanze, mgeni ana safari. Watu wanacheka kwa heshima. Mzee anatazama huku na huku kama anayehesabu waliokuja, lakini jua liko machoni mwake na watu wako mbali, nyuma ya kamba.

Anaanza. Sauti inapanda, wachezaji wanaruka, simu zinainuliwa juu. Uzi wa nane hakuugusa. Umebaki kama ulivyotoka nyumbani.