Heko wakaguzi wa Koeberg
Ufukweni kaskazini mwa Cape Town, Koeberg imekuwa ikifua umeme tangu 1984. Hakuna kituo kingine cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani Afrika. Julai 2024 mtambo wake wa kwanza uliruhusiwa kuendelea kwa miaka 20 zaidi. Pongezi zangu ziwafikie wakaguzi wa chuma.

Chuma huchoka. Kila mtambo unapowashwa na kuzimwa, mabomba hutanuka kwa joto, yakapoa na kusinyaa, mpaka ufa usioonekana kwa macho uanze, mara nyingi penye maungio. Wakaguzi huusaka kwa mawimbi ya sauti. Ndani ya mtungi wa kinu, vipande vya chuma cha aina ileile ya mtungi huwekwa tangu mwanzo, kisha hutolewa kwa awamu na kuvunjwa maabara, ili ijulikane nyutroni zimekifanya chepesi kiasi gani kukatika. Huu ni uungwana mkubwa: kumwekea ushahidi fundi atakayekuja miongo kadhaa baadaye.

Palipohitajika, kifaa kiling'olewa. Majenereta matatu ya mvuke ya mtambo huo wa kwanza wa Koeberg yalibadilishwa.

Kenya na Uganda, zinazopanga vinu vyao, zianze sasa kuwasomesha wakaguzi, kabla zege la kwanza halijamwagwa.