Mahadhi Yale Yale, Pande Mbili za Mpaka

Saa ya Tunduma imeitangulia saa ya Nakonde kwa saa moja kamili, ingawa miji hiyo miwili imeshikana ubavu kwa ubavu, mmoja ukiwa wa Tanzania na mwingine wa Zambia. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya masomo, wanafunzi wa Tunduma wanapokuwa wamekwisha kuimba wimbo wao wa taifa mstarini, wenzao wa Nakonde huenda bado wako njiani. Hao nao wakifika na kusimama mbele ya bendera yao, mahadhi yanayopanda hewani ni yale yale. Kinachobadilika ni maneno. Upande mmoja ni dua kwa Kiswahili. Upande wa pili ni wito kwa Kiingereza, au kwa Kibemba pale unapoimbwa kwa jina la "Lumbanyeni Zambia".

Mara nyingi jambo hili huishia kwenye utani wa nani kamwibia nani. Tarehe zinatosha kuumaliza utani huo. Tanganyika iliyachukua mahadhi haya mwaka 1961, Zambia ikayachukua mwaka 1964, na mwenyewe aliyeyatunga alikuwa amekwisha kuzikwa tangu mwaka 1905. Huyo ni Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliyeutunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897 kwa nota za solfa, ili wanafunzi wake wapate kuuimba kwa sauti nne. Wapo wanaodai kwamba aliuchota katika "Aberystwyth", tenzi ya Joseph Parry wa Wales. Lakini tenzi hiyo imejengwa juu ya maina, ilhali wimbo wa Sontonga ni wa meja kuanzia mwanzo hata mwisho. Anayedai kufanana kwao ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Swali lenye uzito ni jingine. Mahadhi yakishavuka lugha nyingi kiasi hicho, ni nani aliyeyaimba vema zaidi? Na huo wema hupimwa kwa kipimo gani?

Wapenzi wa ushairi wanacho kipimo cha kuanzia, nacho ni mizani. "Nkosi sikelel' iAfrika" ina mizani tisa. "Mungu ibariki Afrika" nayo ina tisa. Jina la Kiingereza la wimbo wa Zambia, "Stand and Sing of Zambia, Proud and Free", nalo huingia katika tisa iwapo neno Zambia litatamkwa kwa silabi mbili. Kwa hesabu, basi, watatu hawa ni sawa. Kwa mkazo, hawako sawa hata kidogo. Kixhosa na Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno Afrika hupanda kwenye "fri" na kushuka taratibu kwenye "ka", mithili ya mtu anayeinama baada ya kuomba. Kiingereza humalizia kwa neno la silabi moja lenye mkazo wake kamili. Sauti hubaki imesimama wima. Mahadhi ni yale yale, lakini mwili wa mwimbaji umekaa mkao mwingine.

Liko na jambo dogo la sarufi ambalo mfasiri hawezi kulipita. Katika Kixhosa, ile "i" ya "iAfrika" ni kiambishi cha nomino yenyewe. Katika Kiswahili "i" imesogea nyuma ikaingia ndani ya kitenzi, ikawa kiwakilishi cha yule anayebarikiwa: Mungu, ibariki. Irabu haikupotea, imehama nyumba tu, na katika kuhama huko imezidi kuikaza dua. Aliyefanya hivyo, kwa kusudi au kwa sikio tu, alikuwa fundi.

Sasa zisikilizwe rekodi zenyewe, na ya kwanza iwe ile iliyotangulia zote. Mwaka 1923, jijini London, Sol Plaatje aliuimba wimbo huu mbele ya pembe ya kunasia sauti, Sylvia Colenso akimpigia piano. Plaatje hakuwa mwimbaji wa kazi. Alikuwa mwandishi wa habari na katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, aliyekwenda Uingereza kuwatetea watu wake waliopokonywa ardhi kwa sheria ya mwaka 1913. Maikrofoni ya umeme ilikuwa haijaingia katika kazi ya santuri. Sauti ilipaswa kuisukuma sindano kwa nguvu zake yenyewe. Ndiyo maana piano inasikika kwa mbali na imekonda, kana kwamba inapigwa chumba cha pili, na sauti ya mtu imebaki peke yake mbele.

Upweke huo ndio unaoipa rekodi hii thamani. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya kwaya umebebwa na mtu mmoja katika mji wa wale aliokwenda kuwashitakia. Hakuna besi ya kumshika chini wala soprano ya kumvuta juu. Piano, iliyozoeleka katika muziki wa karne ya 19 kushindana na okestra nzima, hapa imekuwa fimbo ya kutembelea. Plaatje haongezi madoido wala haburuzi neno ili asifiwe. Mtu huyo huyo ndiye aliyemfasiri Shakespeare kwa Kitswana, akichapisha "Diphosho-phosho" mwaka 1930, miongo mitatu na zaidi kabla Nyerere hajamleta Kaizari katika Kiswahili mwaka 1963. Mfasiri huyajua maneno kwa uzito wake, na katika santuri hii kila neno limepewa uzito wake na si zaidi.

Rekodi ya pili ni ya Februari 1987, katika uwanja wa Rufaro mjini Harare, pale tamasha la Paul Simon lilipofungwa kwa wimbo huu. Waliokuwa jukwaani ni pamoja na Miriam Makeba, Hugh Masekela na kundi la Ladysmith Black Mambazo. Ajabu ya tamasha hilo haikuwa katika ala. Mahadhi haya wakati huo yalikuwa wimbo wa taifa wa Zimbabwe, kwa maneno ya Kishona, tangu uhuru wa 1980 hadi yalipobadilishwa mwaka 1994. Kwa wenyeji waliojaa uwanjani ulikuwa wimbo wa dola yao. Kwa Makeba na Masekela, waliokuwa uhamishoni kwa zaidi ya robo karne, ulikuwa wimbo wa chama kilichopigwa marufuku nyumbani kwao. Kwa hiyo wapo waliouimba kama shukrani na wapo waliouimba kama ombi, kwa pumzi moja, na msikilizaji hawezi kuzitenganisha sauti hizo. Aidha, ndiyo rekodi inayoonesha vizuri zaidi kwamba sauti nne za Sontonga zilikusudiwa watu na si vyombo: besi za wale wanaume wa Ladysmith hubeba kazi ambayo okestra hubebeshwa kwa shida.

Ya tatu ni wimbo wa taifa wa Afrika Kusini kama ulivyopangwa mwaka 1997, ambamo utungo wa Sontonga umeunganishwa na ule wa utawala wa zamani. Mtu asiufanyie haraka kuulaumu. Ni mkataba wa amani uliotiwa saini kwa nota. Lakini kimuziki una jeraha lililo wazi: huanza katika ufunguo mmoja, ukaruka katika mwingine, na haurudi tena ulikotoka. Dua inakatizwa kabla ya "amina". Huenda hiyo ndiyo picha ya kweli ya nchi ile, na ukweli wenyewe ni sifa. Ila kwa mwenye kutafuta wimbo uliotimia, si hapa.

Inabaki aina ya nne, ambayo ndiyo inayosikika zaidi siku hizi: bendi ya matarumbeta iliyorekodiwa bila maneno. Januari 21, 2024, mjini San-Pédro, Ivory Coast, Tanzania na Zambia zilikutana katika Kombe la Mataifa ya Afrika na kutoka sare ya bao 1 kwa 1. Timu mbili za namna hiyo zinapokutana, mahadhi hupigwa, yakamalizika, yakapigwa tena. Msikilizaji asiyezijua nchi hizi angedhani fundi mitambo amekosea. Bendi ina haki yake: huilinda ile alto na ile tena ambazo umati huzisahau, kwa kuwa umati hupenda kuimba sauti ya kwanza tu. Lakini mahadhi yakivuliwa maneno hayana mwenyewe. Hayaombi wala hayaiti. Yanatangaza tu kwamba sherehe imeanza.

Na hapo ndipo Tunduma inapokuwa shule bora kuliko uwanja wa mpira. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, una watu ambao lugha yao ya nyumbani haikuulizwa mpaka ulipochorwa. Kinyamwanga kinazungumzwa huku na kule. Reli ya TAZARA hupita bila kubadili upana wa njia, na tangu mwaka 2019 vituo vya forodha vya pande mbili hufanya kazi kama kituo kimoja. Mtu wa hapa anaweza kuzisikia nyimbo zote mbili katika asubuhi moja kwa miguu yake mwenyewe, zikiimbwa na koo za watu.

Akisikiliza kwa makini atagundua kwamba tofauti kubwa iko katika nani anayesemeshwa. Beti za Zambia huwasemesha raia: wasimame, waimbe, wakumbuke kazi na mapambano yaliyoleta uhuru. Ni katika kiitikio tu ndipo zinapogeuka kumsifu na kumwomba Mungu. Maneno ya Kiswahili hayamsemeshi raia hata mara moja. Yanamwomba Mungu, kwanza kwa ajili ya Afrika nzima, kisha ndipo kwa Tanzania. Nchi yenyewe imepewa nafasi ya pili katika wimbo wake. Kwa upande huu Kiswahili kimekaa karibu zaidi na Sontonga. Wimbo wa Zambia, kwa upande wake, umekuwa mkweli zaidi kuhusu jasho: unakumbusha kwamba baraka haikushuka bila mkono wa mtu.

Lakini Kiswahili nacho kimepoteza kitu, na mfasiri hana budi kukitaja. Sontonga aliomba pembe ya Afrika iinuliwe, kwa lugha ya Zaburi ambamo pembe ni heshima na nguvu. Pembe hiyo haimo katika maneno yetu ya taifa. Hasara hii inauma zaidi pwani na visiwani, ambako siwa ilikuwa alama ya mamlaka, na ambako neno pembe lisingehitaji maelezo kwa mtoto wala kwa mzee. Lugha iliyokuwa na pembe yake tayari, ikiwa imechongwa na kutunzwa Lamu na Pate, iliiacha chini ile iliyoletwa na Sontonga.

Kwa hukumu, basi: Plaatje akae mbele, kwa kuwa aliuimba wimbo huu kabla haujawa wa dola yoyote, na aliuimba akiwa na haja. Harare ifuate, kwa kuwa iliziweka shukrani na ombi katika pumzi moja. Mpango wa 1997 uheshimiwe kwa yale uliyoyajaribu. Santuri za matarumbeta ziachiwe viwanja.

Na juu ya hizo zote liwekwe jambo moja ambalo haliuzwi dukani. Sontonga aliandika kwa ajili ya watoto wa shule, waimbe bila ala, kwa sauti walizopewa na Mola. Penye desturi hiyo bado, rekodi si ya lazima. Penye kipaza sauti kinachoimba badala ya watu, taifa limejiwekea santuri mahali pa ulimi, na dua inayoombwa na mashine haina mwombaji. Tunduma wangali wanaimba kwa vinywa vyao; saa moja baadaye Nakonde nao huitikia, kila upande kwa lugha yake. Mwalimu yule wa 1897 angeyatambua mahadhi yake pande zote mbili, hata pale ambapo neno moja asingelielewa.